Mbuzi Aliyevushwa Ziwa

Mbuzi alikuwa mzima. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa kambini Nakivale wanaoniambia, kwa sauti ya kunituliza, kwamba labda alikuwa na kitu kidogo, labda wakubwa waliona tulichoshindwa kuona sisi. Hakuwa na kitu. Vidonda vilivyoonekana mdomoni mwake nilivitia mimi, kwa mkono wangu wa kulia, asubuhi kweupe, mdogo wangu akiwa amemshika pembe. Nikikumbuka naumia, na nikiumia nakasirika, na hasira yangu haichagui mtu. Siku nyingine inamwangukia daktari wa mifugo, siku nyingine inaniangukia mwenyewe.

Binti yangu alifariki siku aliyojifungua. Mume wake alikaa nasi wiki chache, kisha akaenda Kampala kutafuta kazi, na simu yake ikaacha kupatikana. Nikabaki na mjukuu wa kike ambaye hakuwa na mtu mwingine duniani. Kituo cha afya kilinipa maziwa ya kopo mpaka alipofikisha miezi sita, halafu wakasema basi, sasa ni mkubwa, ale uji na chakula cha nyumbani. Mtoto huyo hakuwa amesoma hiyo ratiba yao. Uji aliutema. Maziwa ya ng'ombe, ambayo wilaya hii yote ya Isingiro imejaa, yalimharisha mpaka macho yakaingia ndani. Siku moja nilivuka ziwa kumtembelea mdogo wangu wa kiume, mke wake akampa maziwa ya mbuzi kwenye kikombe. Alikunywa yote, akacheua, akalala. Alipoamka alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu hata nikawa nimeanza kukisahau.

Mdogo wangu analima ng'ambo, na ana mbuzi wachache. Hakunizungusha. Alinionyesha jike mmoja mweusi, ambaye mwanawe alikuwa ameshaanza kula majani, akasema huyo ni wa mtoto. Mtu ataniuliza kwa nini sikuhamia kwake na mtoto nikamaliza mambo. Nyumba yake ni chumba kimoja na watu saba. Mgao wangu wa chakula unatolewa upande huu, kwa alama ya kidole changu, na mtoto hupimwa uzito upande huu kila wiki. Akikosa mara mbili jina lake linafutwa. Kwa hiyo mbuzi ndiye alipaswa kuhama. Kitu chepesi kuliko vyote, nilidhani.

Wiki hiyohiyo karantini ikatangazwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwenye ng'ombe wa wilaya, na gari la kipaza sauti likapita kambini likitangaza kwa Kinyankore, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili cha askari. Mnyama wa kwato asihame. Soko la mifugo lifungwe. Nyama na maziwa visivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mitumbwi ya ziwani nayo ilitajwa: kila mtumbwi unaofika mwaloni, pale pa kushukia abiria, ungenyunyiziwa dawa, na abiria wangekanyaga magunia yaliyolowekwa dawa kabla ya kwenda zao.

Sisemi ugonjwa ule ni uongo. Kuna mzee mmoja mwenyeji, Mnyankore, ambaye hupita kwetu kununua mahindi. Ng'ombe wake wako upande wa Masha. Nilimkuta kando ya barabara ameketi chini, mtu ambaye sijawahi kumwona ameketi chini. Aliniambia ng'ombe wake wanatoka mate, kwato zinabanduka, hawawezi kusimama wala kula, na kwamba watoto wake hawataki tena kwenda kuwaangalia. Nilimwonea huruma kabisa. Ndiyo sababu nilisema moyoni kwamba mimi sheria hii nitaifuata yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka mstari.

Nasema hivyo ili ieleweke nilikotoka. Nimezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kivu Kusini. Baba yangu alivusha mbuzi kwenda nchi ya pili na kurudi, na kilichowapima ni mawimbi tu. Hatukujua kwamba maji yana mlango. Tulijua siku tulipokuwa wakimbizi. Tulipoingia nchi hii tulipangwa mstari, tukaelekezewa kipimo cha joto kwenye paji la uso, tukanyunyiziwa viatu, na mama mmoja aliyekuwa anakohoa tu kwa vumbi akawekwa kwenye hema peke yake siku nyingi. Nilimwona akichungulia. Kwa hiyo waliposema mbuzi atachunguzwa mwaloni sikushangaa. Nilijua kazi ya mtu aliye kwenye maji ya wenyewe ni kusimama pale alipoambiwa na kufungua mdomo.

Sheria ilikuwa na upenyo mmoja. Mnyama wa maziwa wa mtoto mchanga au mgonjwa aliweza kuvuka kwa kibali, akikaguliwa pande zote mbili. Kibali hicho nilikitafuta karibu mwezi mzima. Mwenyekiti wa kijiji cha mdogo wangu aandike barua, wa kwetu aandike nyingine, kituo cha afya kithibitishe mtoto, mtu wa mifugo wa ng'ambo amwangalie mbuzi. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko mkutanoni. Nilikwenda na mtoto mgongoni, anazidi kuwa mwepesi, na kila ofisi ilinipa benchi la kukalia. Mwishowe nikapata karatasi ya Kiingereza yenye mihuri minne. Mimi nilisoma kwa masista, Kifaransa kidogo nakijua, lakini Kiingereza sikijui, na hakuna aliyenisomea. Niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaishika kuliko nilivyowahi kushika Biblia.

Mtu wa mifugo wa ng'ambo alimkagua mbuzi jioni, akamkuta safi, akatia saini. Asubuhi ndipo nikafanya ujinga wangu.

Kwetu mbuzi anapohamia nyumba mpya, anayempokea huja na majivu ya jiko lake. Unayachanganya na chumvi ya mawe, unamfungua mbuzi mdomo, unamsugua ulimi na ufizi mpaka aonje jiko lako. Tunasema anasahaulishwa. Asiposahaulishwa atalia kila siku ameelekeza uso alikotoka, na mbuzi anayelia hateremshi maziwa. Akiwa anavuka maji husuguliwa zaidi, kwa sababu, mama yangu alisema, maji humrudishia mnyama harufu ya kwao. Nilikuja na majivu yangu kwenye kopo la maziwa ya unga. Sikuwaza mara mbili. Mtu anaweza kuvuka mipaka mitatu na kuacha kila kitu nyuma, halafu akabaki na jambo kama hilo mikononi bila hata kujua analo.

Mdogo wangu akamshika pembe, akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, umusugue muzuri, asikuye akalilia huku."

Nikamsugua vizuri. Nilikuwa na hofu juu ya maziwa, na hofu ilinipa nguvu mkononi. Nilimsugua mpaka chumvi ikaisha kwenye vidole.

Tulivuka kwa zaidi ya saa moja, jua linapanda, mbuzi amelala kati ya miguu yangu na mtoto yuko mgongoni. Kufika mwaloni kwetu, mbuzi alikuwa anadondosha mate ya povu mpaka chini. Mimi nilifurahi. Nilijua ni chumvi inafanya kazi.

Daktari wa mifugo alikuwa kijana wa Kiganda, mrefu, buti za mpira, karatasi zake kwenye ubao. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linanikera, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Alipuliza dawa kwenye mtumbwi, akatukanyagisha magunia, akasoma kibali changu, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kiko sawa. Kisha akavaa glavu na kumfungua mbuzi mdomo. Alirudi nyuma hatua mbili. Ulimi ulikuwa umechubuka, ufizi mwekundu, sehemu moja ngozi imebanduka kabisa. Watu waliokuwa nasi mtumbwini wakaanza kushuka haraka upande wa pili, naye akawapigia kelele warudi, hakuna mtu kuondoka.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, mambo ya jiko, ya majivu, ya kusahaulisha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nazidi kuonekana mwongo. Watu wa mtumbwini ambao ni wa kwetu walikuwa wanatazama maji. Mmoja wao, mwanamke ninayesali naye, aliniambia baadaye aliogopa kwamba akinishuhudia watamwandika na yeye.

"Ni mimi nilimupaka chumvi," nikamwambia daktari. "Mbuzi hana bugonjwa. Unuse mukono yangu."

"Nyabo, mimi naona kidonda," akasema, akiniita mama kwa lugha yake. "Kwa karatasi naandika kidonda. Chumvi hapana nafasi ya kuandika."

Mbuzi akapelekwa kwenye boma la karantini, uzio wa miti na mabati hatua chache kutoka mwaloni, akiwa peke yake. Daktari akachukua mate kwa kijiti cha pamba, akatia kwenye kichupa, kichupa kwenye boksi la barafu. Boksi liende Mbarara kwenye maabara. Majibu yakitoka mabaya, mbuzi achinjwe na kufukiwa. Yakitoka mazuri, nimchukue. Mpaka hapo, hakuna kitu chake kutoka nje ya uzio.

Nikauliza habari ya maziwa. Mbuzi alikuwa amejaa, kiwele kimevimba, na mtoto alikuwa anaanza kulia mgongoni. Daktari akamwambia mlinzi amkamue ili asiumie. Mlinzi akaingia, akachukua ndoo ya humohumo bomani yenye chokaa ndani, akakamua juu ya chokaa. Nilisimama kwenye uzio nikasikia maziwa yanapiga ndoo. Nikamuuliza daktari kama ugonjwa huu unaua watu. Akasema hapana, mtu haumshiki, ni wa wanyama tu. Nikamuuliza basi mtoto anakatazwa nini. Akasema maziwa yakitoka yatakwenda na chombo, chombo kitagusa kingine, na ng'ombe wa watu watakufa. Alinieleza kwa upole. Mlinzi akamwaga ndoo kwenye shimo humohumo ndani ya uzio, akafukia. Mori ulinipanda, nikaketi chini pale kwenye mchanga nikimpa mtoto maji ya sukari kwa kijiko.

Siku tatu zikapita. Mtoto akarudi kwenye uji na kuutema. Kila asubuhi nilikwenda mwaloni kuuliza majibu, kila asubuhi daktari alisema Mbarara hawajapiga simu. Siku ya nne nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda Mbarara mwenyewe.

Njiani, mahali paitwapo Kabingo, kulikuwa na kizuizi. Tulishushwa sote kwenye gari, tukakanyaga dawa, tukafunguliwa mifuko. Mwanamke mmoja alinyang'anywa chupa ya samli ya mgonjwa wake, ikamiminwa mtaroni. Tukiwa tumesimama hapo lori likafika, limefunikwa turubai. Nilisikia kwato zinahangaika ndani. Nilisikia ng'ombe analia. Dereva hakuzima hata injini. Alitoa mkono dirishani, askari akainua mti, lori likapita. Nilimtazama askari na yeye akanitazama. Sikusema neno. Nakiri kwamba sikusema, na kati ya yote niliyoyafanya wiki ile, ukimya huo ndio ninaouonea haya zaidi.

Maabara yenyewe niliipata baada ya kuulizauliza. Karani mmoja alinipokea kwa adabu, akapekua kitabu chake, akasema hakuna kichupa kutoka mwalo wetu. Nikasema kipo. Akapekua tena. Mwishowe mfagiaji, mwanamke wa makamo, ndiye aliyesema kuna boksi chini ya benchi la korido, liliachwa na dereva fulani aliyekuwa na haraka. Tulikwenda kulitazama. Lilikuwa na jina la mwalo wetu ubavuni. Karani akafungua kifuniko. Barafu ilikuwa imekuwa maji, na maji yamepata joto. Akasema pole, kichupa hiki hakifai, mbuzi achukuliwe mate upya.

Nilimuuliza, "Nani alikiacha hapa?"

Akasema hilo yeye hawezi kujua. Kisha akaongeza kwamba vichupa vipya vimekwisha, na kwamba kama nina haraka kuna duka mbele, nikachukue huko nimpelekee daktari wetu. Yaani niliyepoteza kwa sababu yao ndiye nitakayenunua kifaa cha kurekebisha. Nilicheka. Mtoto akastuka mgongoni kwa kicheko hicho.

Duka lilikuwa la dawa za mifugo, na biashara ilikuwa imechangamka, watu wanagombania chokaa na pampu za kupulizia. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu, asili yake Bukoba, amejitanda mtandio wa kijani. Aliponiona nimesimama mlangoni na mtoto mgongoni aliacha wateja kwa msaidizi wake, akaniweka nyuma ya duka, akamlaza mtoto juu ya magunia ya pumba na kumpa chai ya rangi kidogokidogo. Nikamweleza. Alicheka kidogo kwenye habari ya chumvi, akaniomba radhi kwa kucheka. Kisha akaomba ile karatasi.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Karatasi kama hizo wateja wake humletea kila siku. Alipofika mwisho akarudia sehemu moja.

"Dada, hii ulisomewa?" akauliza. "Inasema mnyama aliyezuiwa asitoke. Maziwa yake yasitoke. Chombo kisiingie wala kisitoke. Sasa mbona haisemi mtu asiingie?"

Nikamwambia airudie. Akairudia, akaitilia alama kwa kalamu ili nisipoteze mstari. Vichupa akanipa vitatu, akakataa nilichomtolea.

Niliporudi mwaloni kesho yake, daktari akachukua mate mengine. Alimfungua mbuzi mdomo mbele yangu, na mdomo ulikuwa safi. Ulimi umepona, ufizi umerudi rangi yake, pale palipobanduka pana ngozi mpya. Nikangoja aseme neno. Ningemsamehe yote kwa neno moja.

"Imeanza kupona," akasema, akaandika.

Hapo ndipo nilipomnyooshea karatasi na ile alama ya kalamu. Nikamwambia mimi na mtoto tunaingia. Akasema haiwezekani. Nikamwambia asome. Akasoma. Akasoma tena, akaligeuza jani kutafuta kitu upande wa nyuma. Alipiga simu kwa mkubwa wake, akazungumza Kiganda kwa muda mrefu akinipa mgongo. Aliporudi alisema, ukiingia hutoki mpaka majibu, na kikombe hakiingii, wala chupa, wala kijiko, kwa sababu chombo kimekatazwa. Alidhani hapo nitakwama. Nikamwambia andika. Akaandika kwenye kitabu chake, na mlinzi alinisomea baadaye: mbuzi jike mmoja, mwanamke mmoja, mtoto mmoja.

Tatizo ni kwamba maziwa yalikuwa yamepungua. Mlinzi alimwogopa yule mbuzi, akawa anamkamua nusunusu akiwa amegeuza uso, na mnyama asiyekamuliwa vizuri hukauka. Kiwele kilichokuwa kimejaa kilikuwa kimelegea. Nilikiosha kwa maji na upindo wa kitenge, nikapiga magoti, nikamweka mtoto chini yake. Mara ya kwanza mbuzi alirusha teke, likanipata mimi begani. Nilimshika mguu, nikaminya matone kwenye midomo ya mtoto. Alilamba. Akafungua mdomo. Nikampa chuchu, naye akaishika kwa mikono yote miwili, akavuta. Mtoto huyo hakuwahi kunyonya ziwa la mtu hata siku moja, na hakuna aliyemfundisha.

Tulikaa humo siku tano. Chakula changu nilirushiwa juu ya mabati, mihogo ya kuchemsha imefungwa kwenye jani la mgomba, na mwanamke yuleyule aliyekuwa ametazama maji siku ile. Nililala kwenye majani makavu na mbuzi kwa upande, mtoto katikati. Watu walikuja kutuangalia. Waliinua simu juu ya uzio wakapiga picha, watoto wa shule wakapanda miti. Wapo waliocheka. Wapo waliosema mama huyu amechanganyikiwa tangu binti yake afe. Mchungaji wetu akaja akaomba nje ya uzio, kisha akanishauri kwa sauti ya chini nitoke, kwani jambo hili linawaaibisha Wakongomani mbele ya wenyeji. Nilimwambia kama ana maziwa ayalete, nami nitatoka sasa hivi. Akafunga Biblia yake akaenda.

Nilikuwa na wakati mwingi wa kukasirika humo ndani, na niliutumia. Niliwakasirikia wenye lori. Nilimkasirikia dereva wa boksi, mkwe wangu, na watu wa kopo waliofikiri tumbo la mtoto linajua kalenda. Nilimkasirikia binti yangu, Mungu anisamehe, kwa kufa. Kisha ningeutazama mkono wangu wa kulia, na vidole vyangu vilivyosugua mpaka ngozi ikatoka, nikaona kwamba daktari yule hakunidhulumu kwa kuona kidonda. Kidonda kilikuwepo. Ila alikataa kunisikia, na alikuwa na masikio. Hadi leo mambo hayo mawili siwezi kuyafanya yawe moja, na sitaki.

Siku ya tatu maziwa yalianza kurudi. Mbuzi aliacha kurusha mateke. Mtoto akilia mbuzi ndiye aliyesogea na kusimama. Siku ya nne mtoto aliharisha kidogo nikapata hofu kubwa, lakini jioni alikuwa mzima, anavuta majani kutoka mdomoni mwa mbuzi na kucheka. Mashavu yake yalianza kuwa na kitu ndani yake. Nilimpima kwa mkono, kama mama yangu alivyotupima sisi, nikajua ameongezeka.

Asubuhi ya sita daktari alikuja na gari. Nyuma yake kulikuwa na vijana wawili wenye pampu za kuosha boma, na mkubwa wake, mwanaume mnene mwenye miwani, ambaye hakuwahi kufika mwaloni kwetu kabla. Watu wakakusanyika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto, yuko katikati ya kunyonya. Daktari alifungua lango akasimama kwenye gunia la dawa, karatasi mkononi. Alionekana hajui atazame wapi.

"Mama, majibu imetoka," akasema. "Mbuzi yako hana kitu. Unaweza kutoka sasa."

Mkubwa wake akaangalia saa yake, akasema kwa Kiingereza jambo lililowafanya vijana wa pampu wasogee mbele.

Sikuinuka. Sikumtazama hata yule wa miwani. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kwa lugha yangu, nikiwa na hakika kwamba wote wanaielewa:

"Mungojee mutoto amalize."

Vijana wakasimama. Daktari akashusha karatasi. Dawa ilikuwa inaingia kwenye buti zake, na mkubwa wake alikuwa amesimama juani na koti lake. Wakangoja. Mtoto akapumua, akahamia chuchu ya pili.